Nilivyotengeneza chupa ya sukari ya kuvunjwa kwenye muvi, jikoni kwangu Dar

Wanaocheza muvi fupi na maigizo wanaijua ile sini, ugomvi baa, maneno yanapanda, mtu anakamata chupa ya bia anamvunjia mwenzie. Chupa ya kweli hapo hapana, hata ikiwa tupu inaweza kupasua fuvu la mtu, kwa hiyo inatumika ya bandia ya kioo cha sukari. Hollywood zamani walikuwa wanatumia sukari hivi hivi, baadaye wakahamia kwenye resini maalum, aina ya plastiki inayovunjika kirahisi, kwa sababu sukari inavuta unyevu na inalegea kwenye joto la mataa. Hiyo resini kuiagiza mpaka ifike huku ni hela na kusubiri, ndo maana mi nikaenda na sukari. Ila nianze kusema kabisa, kwa mtu wa Dar kupika siyo kazi, kazi ni hewa yetu. Chupa unaimaliza nzuri, inang'aa, saa chache baadae ukiigusa inanata, siku ya pili imeinama shingo. Kwa hiyo karibu kila kitu nilichofanya nilikifanya nikifikiria unyevu.

Muvi yenyewe ni ya washkaji zangu, fupi, hadithi ya miaka ya 70, na dairekta alitaka chupa ya kahawia ya nusu lita ifanane kabisa na ile atakayokuwa ameshika muigizaji kwenye shoti za mwanzo. Maana chupa ya sukari huwezi kuweka kinywaji ndani, inayeyuka. Anakunywa kwenye chupa ya kweli, mnakata, mnabadilisha, anavunja ya sukari. Zikitofautiana hata rangi mtazamaji anaona.

Nikachukua chupa ya kweli, nikaiosha vizuri nikatoa lebo na gundi yote, nikaitengenezea moldi, yani kalibu ya kumwagia, ya silikoni ya vipande viwili. Silikoni nilipata kwa wauzaji wa vifaa vya faibaglasi, inakuja na hadina yake pembeni, ile dawa ya kuikazisha, na uwiano mfuate ule ulioandikwa kwenye kopo maana zinatofautiana. Unalaza chupa, nusu yake ya chini unaizamisha kwenye udongo wa kuchezea watoto, unatoboa vishimo pembeni ili vipande vije kukamatana, unamwaga silikoni upande wa juu. Ikikaza unageuza, unatoa udongo, unapaka mafuta ya mgando sehemu zote zitakazogusana, na hapa usiwe mchoyo kwa sababu silikoni inashika silikoni mwenzake hata kama haishiki kitu kingine chochote. Kisha unamwaga nusu ya pili. Nje nikaivisha ganda la plasta ili isinepe ikijaa vitu vya moto.

Kitu kimoja nilichokiwaza sana ni mdomo. Shingo ya chupa ni nyembamba na sukari iliyoiva ni nzito, ukisema umwagie mdomoni afu umwage inayozidi kupitia huko huko, inaziba. Nikaamua moldi iwe wazi chini, kwenye kitako. Unaisimamisha kichwa chini miguu juu, unamwaga kupitia kitakoni, shingo inajaa yote inakuwa ngumu bila uwazi, na hilo lilikuwa zuri kwa sababu ndo sehemu ya kushika, haitakiwi ivunjikie mkononi. Mdomoni nikaweka kizibo kidogo cha silikoni kinachoacha kishimo cha sentimita moja na nusu hivi, na kwa rangi ya kahawia kamera haijui kama ndani hakuna njia.

Sasa kupika. Sukari nyeupe kilo moja, glukosi nzito ya wapika keki gramu 400, maji nusu lita. Glukosi inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki Kariakoo, usiiache, kazi yake ni kuzuia sukari isirudi kuwa chengachenga. Kuna wanaoweka ndimu badala yake, tindikali inavunja sukari kuwa glukosi na fruktozi na kweli haigandi ovyo, lakini fruktozi inakunywa unyevu kuliko sukari ya kawaida, yani kwa Dar unajitafutia shida. Mi ndimu sikuweka kabisa.

Unakoroga mpaka sukari iyeyuke yote kabla haijachemka, ikishachemka mwiko weka pembeni, usikoroge tena. Kingo za sufuria unazipitishia brashi yenye maji ili chenga zilizoganda pale zisianguke ndani, maana chenga moja inaweza kugeuza sufuria nzima ikawa nyeupe. Unaacha ichemke mpaka nyuzi 150. Mwanzoni inapanda vizuri, afu inakaa muda mrefu sana kwenye 105, 110, ukidhani jiko limeisha gesi, ni maji yanatoka hayo, ukifika 130 inakimbia na hapo usiondoke. Ukitoa kwenye 140 bado kuna maji ndani, chupa itapinda badala ya kuvunjika. Ukipita 160 inaanza kuungua na ladha na harufu vinabadilika.

Themomita ipime kwanza kwenye maji yanayochemka. Dar tupo usawa wa bahari kwa hiyo isome 100. Mtu wa Nairobi au Arusha maji yake yanachemka kwenye kama 95, na sukari nayo inashuka hivo hivo, kwa hiyo yeye shabaha yake ni kama 145 siyo 150. Watu wengi wanafuata maelekezo ya Wazungu bila kujua hili afu wanashangaa sukari imeungua.

Na tafadhali, hii kitu siyo uji wala chai. Maji ya moto yanateleza yanaondoka, sukari ya nyuzi 150 inang'ang'ania kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Mi nilivaa mikono mirefu, viatu vya kufunika, glovu nene, ndoo ya maji baridi miguuni, na watoto niliwapeleka kwa bibi yao. Ikikugusa ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, siyo dawa ya meno wala unga wa ngano.

Rangi niliweka baada ya kuzima moto, matone machache ya rangi ya chakula ya kahawia na nyekundu kidogo sana, inafuka mvuke kwa hiyo simama mbali. Afu nikasubiri ishuke mpaka 120 na kitu, iwe nzito kama asali, ndo nikamwaga. Ukijaza hadi juu unasubiri kidogo, kuta zinaanza kuganda kutokea nje, unageuza kinachozidi kinarudi sufuriani. Ukuta ninaoupenda ni milimita 3. Ukienda 5 au 6 inaanza kuuma mtu kweli, ukienda 1 inavunjika unapoitoa kwenye moldi. Chupa iliyokamilika kwangu ilikuwa na uzito wa kama robo kilo, shingo ndo nzito. Ile iliyorudi sufuriani unaipasha moto tena unatoa chupa nyingine, rangi inakolea kidogo lakini kwa kahawia haina shida. Kitako nilimwaga peke yake juu ya karatasi ya kuokea, nikapasha kingo kidogo kwenye moto, nikabandika.

Halafu ndo hewa sasa. Nilipanga kazi yote iwe Julai, kipupwe, hewa kavu kidogo, masika nisingethubutu. Chumba chenye ac, madirisha yamefungwa. Kila chupa ikishapoa tu, saa hiyo hiyo inaviringishwa kwenye plastiki na kuingia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, chini nimejaza vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nilikuwa navikusanya muda mrefu na nikavikausha kwanza kwenye oveni ya moto mdogo. Mchele watu wanausifia lakini haufikii silika. Ndoo nikaiweka juu ya meza, na kila mguu wa meza ndani ya bakuli la maji, sisimizi wa Dar hawahitaji mwaliko.

Lebo nilichora mwenyewe, bia ya kubuni, jina la kubuni, sitaki kesi na kampuni ya mtu. Nikaprinti, nikaipaka chai ya rangi ili ionekane ya zamani, nikaikausha kabisa kabisa kabla haijakaribia chupa. Gundi ya maji usitumie, inakula chupa. Soltepu ya pande mbili inatosha.

Siku ya shuti ndoo inafunguliwa dairekta akishasema tupo tayari, siyo kabla. Dairekta alitaka kichwani, mi nikasimamia kwamba ipigwe mgongoni karibu na bega, jaketi zito, anayepigwa kageuka upande wa pili na macho kafumba, maana vipande vya sukari navyo vina makali na jicho ni jicho. Kamera ikakaa chini kidogo nyuma ya mpigaji, na kwenye picha huwezi kuapa kwamba siyo kichwa. Ilipasuka vipande vidogo vidogo, shingo ikabaki mkononi vilevile nilivyotaka, yule muigizaji mwenyewe alisema alisikia kama kapigwa na daftari. Nilifurahi sana siyo siri. Kusafisha seti ni ufagio kwanza, afu dekio la maji ya moto mara mbili, la sivyo sakafu itanata wiki nzima.

Sauti ndo haifai, sukari ikivunjika inatoa mlio mfupi mkavu, haina ule mwangwi wa chupa. Kwa hiyo ile chupa ya kweli niliyotolea moldi tuliivunjia ndani ya pipa, tukiwa na miwani ya fundi, simu imewekwa pembeni inarekodi, na hiyo ndo sauti mtakayoisikia kwenye muvi.