Sioni Kisu, Naona Pua Yako

Marehemu baba alikuwa baharia, na katika safari zake alikusanya visu vya kukunja. Tulivikuta kumi na viwili sandukuni, vimeviringishwa kwenye soksi. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat akaniomba picha ili achague vyake. Nikadhani ni kazi ya dakika kumi.

Kile cha Opinel cha Ufaransa, chenye mpini wa mti na alama ya mkono na taji kwenye bapa, kilitoka vizuri mara ya kwanza. Chuma chake cha kaboni kilishafubaa, hakina mng'ao wa kunisumbua. Balaa lilikuwa kile cha Victorinox cha Uswisi, chekundu, chenye vifaa vingi vya kukunjua, bapa kama kioo. Kwa flashi likatoka doa jeupe tu. Nikakipeleka uani juani saa sita mchana: upande mmoja unaumiza macho, wa pili mweusi tii. Nikatuma hivyo hivyo. Jibu likaja: "Dada, sioni kisu, naona pua yako."

Alinifumbua macho. Bapa lile huonyesha chochote kilicho mbele yake, basi cha kupanga ni hicho kilicho mbele.

Nikasogeza meza kwenye dirisha lisilopigwa na jua, nikabandika karatasi ya kuokea kwenye kioo ili mwanga ulainike. Ng'ambo ya kisu, mkabala na simu, nikasimamisha manila nyeupe. Mwanga hudunda kwenye chuma kama mpira ukutani: pembe unayoingilia ndiyo unayotokea. Nikaivuta manila kidogo kidogo mpaka weupe wake ukajaa bapa zima. Pua ikatoweka.

Ila sasa kisu kikawa kama kimekatwa kwenye karatasi. Nikachukua buibui langu, nikalitundika ukingoni mwa manila. Loo! Weupe ukafifia taratibu hadi weusi, makali yakajitokeza, hata maandishi madogo karibu na mpini yakasomeka.

Vumbi nalo! Usiloliona kwa macho, picha hulikuza. Nilifuta kwa kitambaa cha miwani, kisha sikugusa tena ila mpini. Simu niliiegemeza kwenye kopo la maziwa, mbali kidogo, maana ukiisogeza karibu mno kisu huonekana kimepinda, nikaitegea sekunde 2 ijipige yenyewe.

Nilipofungua vifaa vyote vya kile chekundu nilishindwa: kila kimoja kioo, kila kimoja kinatazama kwake. Nikaacha bapa kubwa na kifungua chupa.

Mdogo wangu alichagua Opinel.