Usama alipotumwa kuombea

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu na dada zangu.

Ijumaa hii tukae na aya ya 135 ya Surat An-Nisaa. Mwenyezi Mungu anatuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata ukitudhuru sisi wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Tazameni mpangilio wake: nafsi kwanza, kisha baba na mama, kisha ukoo. Tajiri na maskini wametajwa baadaye.

Twapenda kuulizana mbona nchi fulani watu wake wanashika sheria, na sisi kwetu ni vurugu. Wengi hujibu kwamba adhabu ziongezwe. Mimi jawabu hilo halinikinaishi. Wenye umri wanakumbuka kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, zilipoanza Februari 2004: mikanda kwenye matatu, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, sare za dereva na makanga, hakuna kujazana. Magari yasiyotimiza yaliegeshwa, watu wakatembea kwa miguu. Nidhamu ikaonekana, ikawa gumzo. Leo, hapa Mombasa, panda matatu ya kwenda Bamburi utazame. Mkanda upo, kifungio hakipo. Kikikaribia kizuizi cha askari, abiria auvuta kifuani na kuushika kwa mkono mpaka gari lipite. Na gari likisimamishwa, wa kwanza kusema “makanga, malizana nae bwana, twachelewa” ni sisi tulioketi nyuma, wengine tasbihi mkononi.

Sasa tuje kwenye kisa alichotusimulia Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke wa Banu Makhzum aliiba, wakati wa kufunguliwa Makka. Makhzum hawakuwa watu wa mchezo. Ni ukoo mkubwa wa Kikureshi. Jamaa wakahangaika: nani atamwendea Mtume (s.a.w.) amsemee? Wakamchagua Usama bin Zayd, kipenzi chake. Hawakupeleka hongo, wala hawakupeleka mtu muovu. Walimpeleka kijana mwema, mtoto wa nyumbani, akaseme neno moja tu la huruma.

Hapa ndipo kisa kinapotugusa. Usama wetu yupo katika kila simu. Kijana wa mtaani akikamatwa, tunatafuta nani anamjua mkuu wa kituo. Jirani akijenga mpaka kwenye njia ya watu, twasema ni mtu wetu, tusimvunjie heshima. Tukimpata wa kutusaidia twamwombea dua, twamwita mtu wa watu.

Mtume (s.a.w.) alibadilika uso. Akamuuliza Usama: waombea katika hukumu miongoni mwa hukumu za Mwenyezi Mungu? Kisha akasimama akawahutubia watu, akawaambia kuwa waliowatangulia waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba wakimwacha, na mnyonge akiiba wakimpitishia adhabu. Akaapa kwamba lau Fatima binti Muhammad angeiba, angemkata mkono.

Amemtaja binti yake mwenyewe, mbele ya watu. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kila mtu yuko sawa mbele ya sheria, na ni maneno mazuri. Lakini karatasi haina binti wa kumtaja. Mzazi anaye, imamu anaye, mwenye duka pale Marikiti anaye. Mtoto hujifunza sheria siku anapomwona baba amekataa kumpigia simu rafiki yake mwenye cheo, ilhali mjomba amekaa ndani kituoni na mama analia. (Na ni jambo gumu, tusidanganyane.)

Tena tusilichukue hili kama ukali mtupu. Kisa kina mwisho ambao aghalabu hausomwi mimbarini. Hukumu ilipitishwa, na Bibi Aisha anasimulia kwamba yule mwanamke alitubu toba njema, akaolewa. Baadaye alikuwa akija kwa Bibi Aisha na haja zake, naye Bibi Aisha akizifikisha kwa Mtume (s.a.w.).