Prosesa mbili, njia moja

Tabora, Jumapili usiku

Leo nimepata jibu la jambo lililonisumbua tangu baba mdogo aliponipa Commodore 128 yake, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1985 aliyoitunza kwenye sanduku la bati, imefungwa kwa kitenge. Nilipoifungua hapa Ng'ambo, katika kibanda ninamotengenezea redio, nilikuta prosesa mbili, yaani chipu zinazotekeleza amri za programu, za koo tofauti kwenye bodi moja: 8502, ambayo ni ya ukoo wa 6502, na Z80. Nilifurahi mno, kwa kuwa niliamini kwamba nikijua kuziamuru, moja ingehesabu huku nyingine ikichora.

Haiwezekani. Prosesa hizo hutumia kumbukumbu moja na nyaya zilezile za kuifikia, kwa hiyo moja inapofanya kazi nyingine huwa imesimamishwa. Ukiwasha mashine, Z80 ndiyo huamka kwanza, hukagua mambo machache, kisha huiachia 8502 zamu kwa kubadili biti moja tu katika chipu inayosimamia kumbukumbu. Hata katika CP/M, mfumo endeshi ambao Z80 iliwekwa kwa ajili yake, inapotaka kusoma disketi hulazimika kuipisha 8502 na kusubiri irudishiwe zamu. Tena, ingawa mapigo yake ni megahezi 4, kasi yake halisi hukaribia 2, maana chipu ya picha nayo inaitaka njia hiyohiyo.

Nilimweleza baba mdogo, ambaye alifanya kazi reli mpaka akastaafu, naye hakuona ajabu.

"Mwanangu, reli yetu si ni moja? Treni ya kwenda Kigoma ikikutana na inayotoka Kigoma, moja inaingia pembeni inasubiri. Ongeza vichwa vya treni utakavyo, njia ni ileile."

Maneno hayo yalinikaa kichwani siku kadhaa, mpaka nikajiuliza kama ndani ya kibanda hiki hakuna reli nyingine. Ilikuwepo, tena nilikuwa nimeiwekea kikombe cha chai juu yake. Kisomadisketi cha 1541, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya, si kasha la mota na kichwa cha kusomea tu. Ndani yake mna 6502 kamili yenye mapigo ya megahezi 1, kilobaiti 2 za kumbukumbu yake yenyewe, na programu yake ya kudumu. Hakiombi ruhusa ya njia kwa mtu yeyote.

Jioni ya leo niliandika programu ya baiti 18, ambayo kazi yake ni kuigeuza taa ndogo ya mbele ya kisomadisketi, kuhesabu kwa muda unaokaribia theluthi moja ya sekunde, kisha kuigeuza tena bila kikomo. Niliituma kwa amri moja kupitia waya wake, na kwa amri ya pili nikaiambia 6502 ianze. Taa ikaanza kuwaka na kuzimika, huku kwenye skrini 8502 ikipanga namba zake kwa BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Namba zikakoma, neno BREAK likatokea, na taa ikaendelea kuwaka na kuzimika kwa mwendo uleule. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza.

Kasoro moja ipo. Kwa kuwa niliiamuru 6502 izibe masikio ili isikatizwe, kisomadisketi hakiitiki tena kikiitwa, na dawa ni kukizima na kukiwasha upya. Kazi inayofuata, kwa hiyo, ni mazungumzo: nataka 6502 itafute namba tasa, ambazo kilobaiti 2 zinazitosha kabisa kwa kuanzia, halafu irudishe jibu kupitia waya uleule unaopitisha biti mojamoja, wakati 8502 ikiendelea na kazi nyingine. Baba mdogo ameahidi kupita kesho baada ya alasiri. Nimeshamwekea stuli upande ambao taa inaonekana vizuri.