Siku moja maishani mwangu: kukimbia na wageni kwenye vijia vya Lushoto

Kazi yangu ni kukimbia na wageni kwenye vijia vya Lushoto, Usambara Magharibi. Wengi hudhani kazi hii ni kujua wapi pana mandhari nzuri. Mandhari huku yako kila kona, hata aliyepotea ataiona. Kazi hasa ni kujua nani yuko njiani saa ngapi. Vijia hivi ni vya mama anayepeleka mboga sokoni, mtoto anayewahi namba shuleni, mzee anayekwenda kufungulia maji shambani kwake. Wakimbiaji tunapitishwa tu, na ninapanga siku nzima nikilijua hilo.

Siku ninayoieleza ni Jumanne ya Januari. Wageni walikuwa watatu, wote wa klabu moja ya jogging ya Dar es Salaam: dada wa benki, kijana fundi simu, na baba mmoja aliyestaafu bandarini. Wanajiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, ile inayofanyika Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi.

Saa 11 alfajiri

Kitu cha kwanza ni kutoka nje na kutazama upande wa Magamba. Ukungu ukiwa umelala mgongoni mwa mlima lakini bonde liko wazi, tunapanda. Ukishuka mpaka kwenye paa za nyumba za mjini, njia ya udongo mwekundu itakuwa na utelezi na nabadilisha safari. Leo bonde liko wazi. Nafunga mkoba: maji, chumvi kidogo, ndizi, bandeji, filimbi, na kibali cha kuingia msituni nilichokilipia jana. Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hakuna kuingia kienyeji hata kama nyumba yako inapakana na msitu.

Saa 12 na nusu asubuhi

Tunaanza mdogo mdogo, tunatoka mjini kuelekea Jaegertal, kwenye miti ya matunda, kisha tunaanza kupanda. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea kukimbia Coco Beach akifika hapa mapafu yanamshtaki ndani ya dakika kumi, tena mara nyingi mwenye kasi ndiye anayeumia zaidi kwa sababu anataka mwendo wake wa pwani.

Situmii saa ya mkononi kuwapima. Natumia salamu. Huku huwezi kumpita mtu kimya, na kwa saa hii njia imejaa wakubwa. Kwa hiyo sheria ni moja: ukishindwa kumwamkia mtu "shikamoo" na kuisikia "marahaba" yake bila kukata pumzi, umezidisha, punguza. Yule fundi simu alifika kwa mama wa tatu akatoa "shika..." basi, nyingine ikabaki kifuani. Nikamweka nyuma ya baba mstaafu, ambaye alikuwa anasalimia mpaka habari za nyumbani na mahindi, huku anakwenda kwa hatua fupi fupi bila kusimama. Huyo ndiye anayejua kukimbia mlimani.

Saa 1 asubuhi

Hii ndiyo saa ninayoiheshimu kuliko zote. Akina mama wanashuka na mizigo, sisi tunapanda, na kijia kina upana wa mtu mmoja.

Alitokea mama mmoja kwenye kona, na furushi la kabichi kichwani juu ya ngata ya kanga, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika furushi na mwingine umekamata jembe. Mtu aliyebeba hivyo hageuzi shingo na haoni anapokanyaga. Miguu yake inaijua njia kwa kumbukumbu. Kwa hiyo anaachiwa ubavu wa mlima, upande ulio salama, nasi tunasimama ukingoni, wima, bila kuchezacheza. Hakuna kujipenyeza. Nilipaza sauti mapema, kabla hatujakaribiana, ili asishtuke. Dada wa benki akateremka hatua moja kwenye majani ya guatemala yaliyopandwa kushikilia udongo wa matuta, akayashika kwa mikono miwili.

"Poleni na mazoezi," mama akasema bila kupunguza mwendo.

"Ahsante mama, pole na mzigo."

"Nishapoa."

Akapita. Nikawaambia wageni kwamba kusimama kule ndiyo mapumziko yao ya mazoezi, wayahesabu. Kupanda kwa vipande, na kusimama katikati, kunamfaa mtu wa pwani anayeanza kuzoea mwinuko, wala hapotezi chochote.

Halafu kuna mifereji. Wasambaa ni wakulima wa maji ya mfereji tangu enzi za mababu, na vijia vingi vinakatiza mifereji midogo, mingine haizidi upana wa kiganja. Mguu wa mkimbiaji hupenda kutua kwenye kingo kwa sababu inaonekana kavu na imara. Kingo hiyo ni udongo ulioshindiliwa kwa jembe. Ikimeguka, maji yanakimbilia njiani na shamba la chini linakosa zamu yake ya maji. Ruka, utue mbali. Nalirudia hili kila siku, na sitaacha kulirudia.

Saa 2 na nusu asubuhi

Tunaingia msituni Magamba na joto linashuka hapo hapo. Sauti za mashamba zinakatika. Chini ni majani yaliyooza, laini mno kwa magoti, lakini chini ya majani kuna mizizi, kwa hiyo macho yanatangulia mguu kwa hatua tatu nne. Mikangaga ya humu inasimama mirefu kama minazi michanga, na juu yake iko mikulo, ile miti mikubwa ambayo kitaalamu imebeba jina la milima yetu: Ocotea usambarensis. Iliwahi kupasuliwa mbao kwa wingi, ndiyo maana ukikuta mzee wa miti umesimama bado, unasimama nawe.

Mbega walikuwepo. Unasikia kwanza matawi, kisha unaona mkia mweupe ukining'inia. Hapa tunatembea, hatukimbii. Watu hunilalamikia kwamba wamelipa kukimbia, lakini mkimbiaji anayepita mbio chini ya mbega hajaona kitu, amewatimua tu.

Kwenye kipande cha jua kinyonga alikuwa anavuka njia, dume, mwenye pembe mbili puani. Aina hii ya pembe mbili ni ya milima hii ya Usambara. Alikuwa anatoa mguu, anautikisa mbele na nyuma, anautua, ndipo anautafakari mwingine. Kijana alitaka kumsaidia kwa kijiti, maana wengi tumekuzwa tukimwogopa kinyonga kumgusa. Hana sumu wala hamdhuru mtu. Tukamsubiri mpaka akamaliza safari yake. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambako kuna viumbe na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani, na ukiharibu kipande kidogo huenda umeharibu chote kilichopo cha aina fulani. Dada wa benki alikaa kimya muda mrefu baada ya kusikia hivyo, kisha akauliza kibali kinagharimu kiasi gani na hela inakwenda wapi. Nililipenda swali lile.

Tahadhari moja zaidi: siafu. Msafara wao ukikatiza njia unaonekana kama utepe mweusi unaotembea. Usisimame karibu kupiga picha. Vuka, endelea.

Saa 4 asubuhi

Chai ya maziwa na chapati kijijini Magamba. Kurudi, barabara kubwa inayotoka Mtae na Malindi ingekuwa rahisi, lakini saa hii malori ya Fuso yanateremka na karoti na viazi kwenda masoko ya mjini, na kona ni kali. Tunashuka kwa vijia vya mashambani, ambavyo sasa vimetulia kwa sababu walioshuka wako sokoni na wanafunzi wako darasani. Kushuka kunaumiza mapaja kuliko kupanda: hatua fupi, magoti yamelegea, kifua mbele kidogo.

Saa 8 mchana

Wageni wamelala. Mimi nakwenda kuomba njia.

Kuna kijia ninachokitamani, kinapita kati ya matuta ya mzee mmoja na kutokea kwenye kilima kinachoona mji wote. Zamani kilikuwa wazi, lakini msimu huu amefungua mfereji mpya unaokikatiza mara mbili. Nilimkuta anapalilia karoti. Tuliongea Kisambaa kwanza, habari za watu na mvua, mpaka akauliza mwenyewe.

"Watu wako wanataka kupita hapa?"

"Ndiyo mzee, kama utaturuhusu."

"Miguu ya mjini haijui pa kukanyaga, mwanangu. Zamu yangu ya maji ni Jumanne na Ijumaa asubuhi. Siku hizo sitaki mtu."

Tukakubaliana: siku zake za maji hatupiti, siku nyingine tunapita, na nitaleta vipande viwili vya ubao vya kuvukia. Hela ya kupita aliikataa katakata. Akasema wageni wakitaka karoti, mke wake anauza.

Saa 10 na nusu jioni

Mbio nyepesi kwenda Irente, kwenye genge la mwamba, kama kilomita 6, kupitia Yoghoi. Hii ni saa ya watoto wanaotoka shule, nao hawaombi ruhusa: wanajiunga. Walitukimbiza kundi zima, wengine wameshika ndala mkononi, mkoba unadunda mgongoni, na wakatuacha kwenye mwinuko wa mwisho. Kijana fundi simu alijaribu kuwafuata, akaachia mwenyewe.

Irente nawapeleka wageni jioni makusudi. Genge linatazama magharibi, na asubuhi nyika ya chini mara nyingi imefunikwa. Jioni unaona Mazinde karibu mita 1,000 chini ya miguu yako, mistari ya mkonge, barabara ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na nyika ya Wamasai mpaka macho yanapochoka. Hakuna uzio wa maana, kwa hiyo mazoezi ya kujinyoosha tunafanyia nyuma kabisa ya mwamba. Tulinunua jibini na mkate Irente Farm kabla hawajafunga, tukageuza jua likiwa bado lipo, maana njiani walikuwa wameanza akina mama wenye majani ya ng'ombe, na mtu mwenye mzigo wa majani hapaswi kukutana na mkimbiaji gizani.

Saa 2 usiku

Nimefua viatu, nimepata mbao kwa fundi seremala jirani, na nimewatumia wageni ujumbe wa kesho. Kesho ni Jumatano, zamu ya maji si ya mzee, tutapita kwake saa moja na nusu wanafunzi wakishapita. Nimewaambia wabebe maji, koti jepesi, na hela ndogo ndogo za karoti.