Hedifoni za chini ya laki: nilivyozichagua na nilivyozirekebisha mpaka zikaimba

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu hedifoni ni huu: "Tafuta yenye besi kubwa." Nimeambiwa na wauza duka, na fundi simu, na binamu yangu, na kila mmoja aliusema kwa uhakika kabisa. Mimi nasikiliza dansi, hasa Sikinde na Msondo za miaka ya 1980, zile zilizorekodiwa Redio Tanzania. Humo besi ni gitaa, linatembea, lina maneno yake. Ukilimwagia mtetemo juu yake hulisikii tena. Unasikia ngurumo tu, na solo na rithimu zinazama humo humo.

Nilitaka zilizofungwa nyuma kwa sababu napanda mwendokasi Kimara hadi Kivukoni. Zilizo wazi nyuma husifiwa kwa sauti yenye nafasi, na ni kweli, ila ndani ya basi hazifai: kelele zote zinaingia, na abiria wa pembeni anasikiliza wimbo wako bila kuomba. Ila ujue kwamba hata zilizofungwa zinazuia zaidi kelele za juu, yaani honi na maongezi. Muungurumo wa injini bado unapita.

Bajeti ilikuwa chini ya laki. Kwa pesa hiyo achana na majina makubwa yaliyopangwa Kariakoo kwa elfu thelathini. Sony MDR-7506 zipo tangu 1991, watu wa studio wanazipenda, na Marekani huuzwa karibu dola 100. Ukiuziwa kwa robo ya bei hiyo, unajua mwenyewe ulichobeba. Bora zisizo na jina zilizotengenezwa vizuri kuliko jina la kubandika.

Mtaa wa Aggrey muuzaji mmoja alinivalisha hedifoni na kuniwekea wimbo wake kutoka simu yake. "Kaka, sikiliza hiyo, ndo habari ya mjini." Nikamwomba nichomeke kwenye simu yangu. Besi yote ikayeyuka, maana kumbe ilikuwa ikwalaiza ya simu yake inayofanya kazi, yaani ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti kali. Nenda na wimbo unaoujua, ikwalaiza umeizima.

Pale pale dukani napima mambo mawili. La kwanza, wimbo wenye mwimbaji mmoja: sauti yake ikae katikati ya kichwa. Ikitawanyika usijue iko wapi, na besi haionekani, nyaya za upande mmoja zimegeuzwa. Nimekutana na za hivyo, mpya kabisa kutoka kwenye boksi. La pili ndilo ninalolipenda zaidi: muziki ukiwa unapiga, zikandamize taratibu kwa viganja. Besi ikipanda sana, mapadi, yaani vile vimto vya masikioni, hayazibi vizuri kuzunguka sikio. Hewa inavuja na besi inatoka nayo, kwa hiyo kuongeza besi kwenye simu ni kuteka maji kwa pakacha. Wenye miwani, nyie ndio mnaoumia zaidi, mkono wa miwani unaacha upenyo. Pimeni mkiwa mmeivaa.

Nilizochukua ni nyeusi, za plastiki, omu 32 (ukinzani wa umeme ni mdogo, simu yoyote inazisukuma), waya unachomoka, na jina lake sijaliona tena popote. Elfu sitini na kitu, baada ya kuvutana. Mapadi yalikuwa membamba yakigusa sikio, nikanunua mengine ya sponji nene kwa elfu kumi na kitu. Besi ikatulia hapo hapo kabla sijagusa simu. Mapadi yanabadilisha sauti kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo yabadilishe kabla ya kurekebisha chochote.

Ukiwa na hedifoni zinazojulikana kama Audio-Technica ATH-M40x au AKG K371, kazi ya kurekebisha sauti imeshafanywa. Jaakko Pasanen amekusanya vipimo vya hedifoni nyingi mno kwenye mradi wake wa AutoEq, na programu ya Wavelet ya Android inavitumia. Unachagua jina, basi. Zangu hazikuwemo.

Fundi akanielekeza kwenye ikwalaiza ya simu. Ile ina ngazi tano: hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000 (hezi ndogo ni sauti nzito, kubwa ni sauti nyembamba). Shida yangu ilikuwa "s" za waimbaji, zilichoma sikio. Nikishusha 3,600, mwimbaji anarudi nyuma ya bendi. Nikishusha 14,000, matoazi yanakufa na "s" inachoma vile vile. Ugonjwa ulikuwa kati ya hizo mbili, mahali pasipo na kitufe.

Hapo nikatumia toni. Kuna programu za bure zinazotoa toni moja, mlio mmoja usiokatika, unayoipandisha kwa kidole kutoka nzito hadi nyembamba. Usiku mtaa umelala, sauti nimeiweka ndogo, nikaanza chini na kupanda polepole. Karibu na hezi 3,000 toni inasikika kubwa zaidi. Hilo ni umbo la sikio la binadamu, usiliguse. Nikapita 5,000, shwari. Nikaendelea, na ghafla pale 6,200 ikaingia sindano. Kufika 7,000 imetulia. Nikarudi nyuma, nikapita tena, nikazisogeza hedifoni kidogo kichwani kuona kama inahama. Haikuhama. Poweramp Equalizer inakuruhusu kuchagua hezi unayotaka na upana wake, nikapunguza desibeli 5 (kipimo cha ukubwa wa sauti) hapo tu, kwa wembamba. Nikaweka wimbo. Mwimbaji yuko mbele, matoazi yapo, mchomo haupo. Nilicheka peke yangu gizani kwa furaha.

Chini nako kulikuwa na uvimbe, yaani sauti iliyozidi, karibu na hezi 200, tatizo la kawaida la vikombe vya plastiki vya bei nafuu. Nikafungua skrubu, nikaweka pamba kidogo ya duka la dawa nyuma ya spika bila kuziba tundu lake la hewa, kisha nikapunguza desibeli 3. Gitaa la besi na tumba zikaachana, kila kimoja na nafasi yake. Chini ya hezi 80 niliongeza 3 kwa ajili ya basi, lakini kwanza nilishusha sauti ya jumla kwa 3, la sivyo muziki unapasuka bendi nzima ikiingia.

Wale wanaosema zipigishe muziki masaa mia "zifunguke": kinacholainika ni mapadi, na kinachozoea ni masikio yako.

Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji kiunganishi cha Type-C chenye chipu ya sauti ndani yake. Vile vya elfu mbili visivyo na chipu, kwenye simu nyingi hutasikia chochote.

Binamu amekuja na zake nimrekebishie. Zinachoma 8,000 na kitu, kwa hiyo msinakili namba zangu, kila mtu aitafute yake kwa toni.