Sukari imeshuka tena, safari hii ndani ya daladala

Mchana huu, nikiwa nimesimama katika daladala ya kwenda Mbagala, mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliniuliza, "Mwanangu, mbona unatokwa jasho hivyo?"

Mimi sikuwa nimehisi chochote.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nina kisukari cha aina ya kwanza. Sukari ya damu inaposhuka mara kwa mara, kama inavyonitokea siku hizi, mwili huzoea ukaacha kutoa dalili za mapema, yaani kutetemeka, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla, hata mtu akafika pabaya bila kujua.

Mama alinipisha kiti. Mita yangu ya kupimia sukari ilisoma 2.9, ilhali chini ya 4 ni hatari tayari. Vidole vyangu vilikuwa vimelegea kiasi kwamba vilishindwa kufungua chupa ya soda, naye akaipokea, akazungushia kifuniko upindo wa khanga yake, akakifungua.

Nilikunywa nusu chupa (soda ya kawaida, maana ile isiyo na sukari haifai kitu hapa), nikasubiri dakika 15 ndipo nikapima tena: 4.6. Kusubiri huko ndiko kugumu, kwa sababu mwili unataka kula kila kilichopo.

Kesho naenda kliniki kuzungumzia dozi ya insulini, dawa yangu ya kushusha sukari.

Wenzangu mliowahi kupoteza dalili, je, zilirudi? Zilichukua muda gani?