Afadhali lilivyokuwa

Bamkubwa amenirudishia funguo za 109, Land Rover lake nililomtengenezea breki na springi, jioni ya Jumanne. Nikamwuliza, "Vipi breki, Bamkubwa?" Akasema, "Zipo." Nikauliza, "Na springi?" Akaligeukia gari, akalitazama kuanzia bampa hadi turubai, akasema, "Afadhali lilivyokuwa, mwanangu." Akaenda zake kutawadha.

Wiki hii mahari ya Zuhura imeletwa na kupokelewa, Idi ameitwa kazini bandarini, na transfoma ya mtaa imeungua tena. Hayo ndiyo ya kuandika. Mimi nimebaki na "afadhali lilivyokuwa".

Lilivyokuwaje, kwani? Wasomaji wa zamani mnalijua. Land Rover 109, Series III, mstari mmoja wa breki kwa magurudumu yote manne, halina busta ya kuusaidia mguu. Pedali ilikuwa inazama mkanyago wa kwanza na kushika wa pili. Ukikanyaga kwa nguvu, pua inakimbilia kushoto. Upande wa dereva umelala, na kwenye matuta unasikia shako, vile vipande vinavyoishika springi kwenye fremu, zikigonga chuma kwa chuma kwa sababu mpira wa bushi ulishakwisha. Na gari hilohilo ndilo Mzee, huyohuyo Bamkubwa, hushuka nalo kutoka Soni kwenda Mombo siku za soko, kwenye barabara ile ya Lushoto ambayo kwa kilomita 33 hivi inakutoa mita kama 1,400 na kukuteremsha hadi mita 400 na ushei, kona juu ya kona, mwamba huku na bonde kule. Hilo ndilo afadhali?

Basi nimeyachukulia maneno yake kama malalamiko ya mteja yeyote: yametoka gurudumu gani?

Nianze na ile pedali ya kukanyaga mara mbili. Dramu za 109, zile ngoma za chuma ambazo viatu vya breki huzibana kwa ndani, hazijirekebishi zenyewe. Laining, ule utando wa msuguano juu ya kiatu, ikilika, nafasi kati ya kiatu cha breki na dramu inakua, na mafuta ya breki yanayosukumwa na mkanyago mmoja yanaishia kuvisogeza viatu kuvuka hiyo nafasi tu. Wa pili ndio unaobana. Wengi hapo hukimbilia masta silinda, pampu kuu ya breki, kumbe kazi ilikuwa ya spana moja. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili na adjasta mbili za kukisogezea kiatu, kila kiatu na yake. Zungusha hadi dramu ikwame, rudisha kidogo kidogo hadi izunguke huru, kanyaga pedali kwa nguvu ili kiatu kikae mahali pake, kisha rudia. Ukirekebisha moja ukaisahau mwenzake, pedali itaendelea kuzama na utanunua masta silinda bure. Na tafadhali, spana za inchi. Spana ya milimita 13 kwenye kichwa cha nusu inchi inaacha uwazi wa milimita 0.3, na kwenye bolti yenye kutu ya miaka hiyo yote uwazi huo unatosha kukila kichwa kikawa duara.

Kuvuta kushoto kulimaanisha ugonjwa uko kulia: kushoto kunashika, kulia kunateleza. Dramu ya mbele kulia ilipovuliwa, laining ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Laining iliyokunywa oili haioshwi. Petroli inasafisha uso, halafu joto la mteremko wa kwanza linaitoa ile iliyozama ndani. Viatu vyote vinne vya ekseli ya mbele vinabadilishwa kwa pamoja, hata kama upande wa pili una laining nene, la sivyo umeuhamisha mvuto, hujauondoa.

Kabla ya kufunga sili mpya, ule mpira unaoizuia oili isivujie kwenye breki, kuna mambo mawili ambayo mafundi wenye haraka huyaruka. Moja ni pumzi ya ekseli, kile kidude kidogo juu ya kasha. Kikiziba kwa tope, hewa iliyo ndani ikipata moto haina pa kutokea, inaisukuma oili kupitia sili hata iwe imefungwa jana. Jingine ni pete ambayo mdomo wa sili unaikalia. Pitisha ukucha juu yake. Ukinasa kwenye mfereji, badilisha pete, maana mdomo mpya utakaa kwenye mfereji uleule na uvujaji utaendelea. Habu, kitovu cha gurudumu, nayo inarudishwa ikiwa na uchezaji wa milimita 0.10 hadi 0.15, unaopimwa kwa geji ya saa, si kwa kutikisa tairi na kusema imetosha. Ukibana mno beringi zinaungua. Ukilegeza, dramu inayumba, inavirudisha viatu nyuma, na pedali inazama tena wakati kila kitu ni kipya. Hapo ndipo fundi na mwenye gari huanza kugombana.

Vumbi la humo ndani lisipulizwe kwa kompresa. Gari la miaka ya 1970 linaweza kuwa bado na laining za asibesto. Lowanisha kwa maji, futa, tambara litupwe.

Dramu za inchi 11 zina kipenyo cha milimita 279.4 zikiwa mpya. Mchonga vyuma anaruhusiwa kuongeza 0.75 kwenye kipenyo, basi, na za ekseli moja zichongwe sawa. Silinda za mbele zina upande wake, kushoto na kulia. Zikibadilishana, viatu vyote vya mbele vinageuka kuwa vya kufuata badala ya kuongoza: gari linashika vizuri likirudi nyuma na kuteleza likienda mbele. Ukikutana na dalili hiyo usipoteze muda kutoa upepo, fungua uangalie silinda.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, ndiko kunakowavunja watu moyo kwa 109. Bomba dogo linalounganisha silinda mbili za gurudumu la mbele hupenda kuficha hewa. Dawa yake ni kulegeza adjasta zote kabla ya kuanza, ili viatu virudi, pistoni ziingie ndani kabisa na hewa ikose chumba; ukimaliza uzirekebishe upya. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, umalizie la karibu. Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155, na mteremko wa Soni unaweza kuyafikisha huko. Sili na mipira ioshwe kwa mafuta ya breki yenyewe. Ukiiosha kwa dizeli au petroli itavimba, na breki zitakamata bila kuachia. Zikikamata zikishapata moto ilhali mipira ni mizima, tazama fito inayoisukuma pistoni ya masta silinda: lazima iwe na mwanya wa kama milimita 1.5. Pasipo mwanya, mafuta yaliyotanuka hayapati njia ya kurudi kwenye kopo la masta silinda.

Yote hayo yamefanyika. Gari limesimama sawa, mstari umenyooka. Ndiyo maana neno lake limenichoma: "Zipo." Breki zipo. Kama mtu anayeulizwa habari za majirani asiowapenda.

Sasa springi, ambazo nahisi ndizo zilizomchokoza. Springi za 109, za mabapa ya chuma yaliyopangwa tunayoyaita majani, si pacha. Ya upande wa dereva imetengenezwa na mpindo mkubwa kuliko ya abiria, kwa kuwa upande ule hubeba zaidi. Ukizibadilisha gari linainama likiwa jipya, na watu watakuambia fremu imepinda. Senta bolti, inayoyashika majani katikati, lazima iketi ndani ya tundu la kikalio cha ekseli kabla yubolti, zile za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi, hazijakazwa, vinginevyo ekseli inakaa mshazari na usukani haunyooki. Boliti ya shako ina siri: sahani moja ya shako ina nyuzi, na boliti imeskurubiwa ndani yake kabla ya nati kufuata. Ukitoa nati ukaanza kugonga kwa nyundo unazing'oa nyuzi. Inafunguliwa kwa spana, na kama imeganda ndani ya bushi, inakatwa kwa msumeno. Bushi za kwenye fremu ndizo kazi ngumu kuliko zote: choma mpira, kata ganda la nje kwa ule msumeno kwa uangalifu usije ukakata fremu, kisha likunje kwa patasi litoke. Boliti mpya ipakwe grisi ya shaba shingoni ili atakayefuata asikulaani.

Na hapa pana jambo ambalo gereji nyingi haziliheshimu. Mpira wa bushi hizi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Hauteleziki, unajisokota. Ukikaza boliti za shako gari likiwa juu ya stendi, springi zinaning'inia, na mpira unafungwa katika hali ile. Likishushwa, kila bushi tayari imesokotwa kabla ya safari kuanza: gari linakaa juu, linadunda, na mpira unachanika mapema. Kwa hiyo boliti zinaingizwa zote zikiwa zimelegea, gari linashushwa kwenye magurudumu yake, linasukumwa mbele na nyuma, linarukiwa kidogo, ndipo zinakazwa. Yubolti zinakaguliwa tena baada ya kilomita kama 500, majani yakishalala sawasawa.

Hata ukifuata yote hayo, springi mpya ni ngumu. Majani hayajazoeana, gari limeinuka, na 109 isiyo na mzigo haijawahi kuwa kitanda. Laining mpya nazo zinagusa dramu kwa sehemu tu. Ukifungua baada ya safari chache utaona mahali paling'aa na mahali pamebaki na rangi ya dukani. Hadi uso wote ung'ae, pedali inakuwa ngumu na breki inahitaji mguu zaidi. Kwa hiyo kwa kilomita mia chache za mwanzo anayesema afadhali lilivyokuwa hasemi uongo. Hilo nililijua. Nilitaka tu aseme jingine kwanza.

Halafu jana Shaibu, aliyepanda naye kwenda Mombo, amekuja kunisimulia huku anajishika mbavu. Mzee bado anakanyaga mara mbili! Mguu wake umezoea pedali inayoshuka hadi sakafuni, sasa anaikuta juu, lakini haamini. Anakanyaga, gari linang'ata. Anaachia, anakanyaga tena, linang'ata tena. Abiria wote wanarukuu mara mbili kila kona, na mama mmoja aliyekuwa na tenga la nyanya ameapa kupanda basi. Zaidi ya hapo, Mzee amemwambia Shaibu kwamba gari siku hizi linavuta kulia. Halivuti popote. Kwa miaka yote hiyo mikono yake imekuwa ikivuta usukani kulia kila anapogusa breki, ili kuzuia lile la kwenda kushoto, na mikono haijapewa habari kwamba kushoto kumekwisha.

Nimecheka hadi machozi. Dereva amejifunza ubovu mpaka umekuwa sehemu ya uendeshaji, umekuja kuuondoa, na sasa yeye ndiye anayevuta upande. Hakuna adjasta ya hilo. Mama mkubwa naye ameongeza lake kwenye simu: "Gari limekuwa refu, magoti yake hayapandi." Huenda basi ndilo alilolisema Mzee siku ile, alipolitazama kuanzia bampa hadi turubai. Huenda hakuwa anasema breki kabisa. Nilipouliza springi ndipo alipojibu. Na alisema "mwanangu". Mtu aliyekasirika hasemi mwanangu.

Nimeshakata kipande cha bomba la mraba na bati lenye vipele, nitamchomea kipandio chini ya mlango wake. Kisifungwe kwenye springi wala kwenye ekseli bali kwenye fremu, na kikae juu ya ukingo wa chini wa springi kisinase mawe. Akipita tena nitavua dramu za mbele nitazame laining zimeng'aa kiasi gani, nibane adjasta, nikaze yubolti. Kisha nitakaa naye upande wa abiria hadi Soni, nimwombe akanyage mara moja tu. Anasema anataka kulipeleka Arusha wakikusanyika tena, kama ile Oktoba 2024 zilipojipanga Land Rover zaidi ya 1,000. Mombo mpaka Arusha kuna tambarare ya kutosha ya kuizoesha ile miguu.

Kinachoninyima usingizi sasa ni kingine. Mwenye kiwanja cha gereji ameleta watu wa vipimo Ijumaa, wamepigilia vigingi, kimoja katikati ya shimo letu la kukagulia magari, na kila nikimpigia simu inaita hadi inakata. Mkataba unaisha Desemba. Jumatatu nitamfuata Korogwe.